Sura ya Sita: Nyumba Inapopigwa Mnada

Februari 2024 Benki Kuu ya Kenya ilipandisha kiwango chake cha riba hadi asilimia 13. Mabenki yakafuata, na familia zilizokopa kwa riba inayopanda na kushuka zikajikuta zinadaiwa zaidi kila mwezi kwa nyumba ileile na kwa mshahara uleule. Kufikia Agosti mwaka huo mikopo chechefu ilikuwa imekaribia asilimia 17 ya mikopo yote ya mabenki nchini. Kila hali inapofika hapo, kurasa za minada magazetini hunenepa: ghorofa za Kilimani, nyumba za Syokimau na Kitengela, viwanja vya Nyali na Kilifi, kila mali na namba ya hati yake, ukubwa wake, jina la dalali na saa ya mnada.

Kurasa hizo zina wasomaji wa aina mbili. Wapo wanaoziogopa, kwa sababu wameshaona notisi ikibandikwa kwenye lango la jirani. Na wapo wanaozisubiri. Mwalimu aliyepokea kiinua mgongo, mfanyabiashara wa Kariakoo, Mkenya anayefanya kazi Doha, wote wamesikia habari ya nyumba ya shilingi milioni 12 iliyochukuliwa mnadani kwa milioni 8. Habari hiyo mara nyingine huwa ya kweli. Lakini kwa kila mnunuzi anayetoka mnadani na faida yuko mwingine anayetoka na kesi, na kinachowatenganisha ni kazi iliyofanyika kabla dalali hajainua nyundo. Unafuu wa bei ni ujira wa kazi hiyo. Asiyeifanya huulipa mwenyewe baadaye: kwa wakili, kwa riba ya benki na kwa miaka ya kungoja ufunguo.

Rehani kabla ya mabenki

Pwani iliijua biashara hii zamani sana. Katika Zanzibar ya karne ya 19, wenye mashamba ya karafuu walikopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi wakiweka mashamba dhamana. Kwa kuwa Uislamu unakataza riba, mkopo mwingi ulipitia mlango wa bei ya khiyari: mwenye shamba alimuuzia mkopeshaji kwa fedha zilizokubaliwa, akibaki na hiari ya kulikomboa akizirudisha ndani ya muda uliopangwa. Muda huo wote aliendelea kulikalia shamba na kumlipa mkopeshaji kodi. Kodi ile ndiyo iliyokuwa pato la mkopeshaji. Mkataba wa aina hiyohiyo ulitumika Oman, kwenye mashamba ya mitende.

Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na wengi waliokuwa wakitegemea mavuno kulipa madeni wakazama zaidi. Lakini mkopeshaji aliyekuwa na karatasi ya shamba bado hakuwa na shamba lenyewe. Aliyelikalia alikuwa na jamaa, majirani na heshima ya mji upande wake. Mambo yalipozidi, serikali nayo iliingia kati: mwaka 1934 utawala wa kikoloni Zanzibar ulisimamisha kwa muda udaiwaji wa madeni na kutunga sheria ya kudhibiti uhamishaji wa ardhi ya Waarabu na Waafrika kwenda kwa watu wengine.

Mnunuzi wa leo anakutana na mambo yaleyale. Hati inaweza kuhama kwa siku moja, wakati aliyemo ndani akakaa miaka. Na sheria ya ardhi, popote ilipo, humtazama kwanza yule anayepoteza makao.

Kutoka deni hadi mnada

Ndiyo maana sheria za Afrika Mashariki zinamwekea mkopeshaji ngazi nyingi za kupanda kabla ya kuuza. Nchini Kenya ngazi hizo ziko katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 na Kanuni za Madalali za mwaka 1997. Mdaiwa akikosa kulipa kwa mwezi mmoja, benki inaweza kumpa notisi ya miezi mitatu ikimweleza kosa, kiasi anachodaiwa na namna ya kulirekebisha. Ikipita bila malipo, inafuata notisi ya siku 40 ya kusudio la kuuza, ambayo nakala zake huenda pia kwa mume au mke wa mdaiwa, kwa wapangaji na kwa wengine wenye maslahi katika ardhi hiyo. Kisha dalali naye hutoa notisi ya siku 45 ya kukomboa mali. Baada ya hapo tangazo hutoka gazetini, na mnada haufanyiki kabla ya siku 14 kupita tangu tangazo la kwanza. Ngazi hizi zikipandwa moja baada ya nyingine, mdaiwa amekuwa na zaidi ya nusu mwaka tangu alipoteleza.

Tanzania ina mpangilio wake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, pamoja na marekebisho yaliyoletwa na sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008, inampa mdaiwa notisi ya siku 60. Sheria ya Madalali inataka tangazo la mnada wa ardhi litangulie mnada kwa siku zisizopungua 14. Uganda imeongeza kizuizi kinachowahusu wadaiwa wenyewe: chini ya kanuni za rehani za mwaka 2012, anayetaka mahakama isimamishe mauzo kwa kawaida hutakiwa kuweka amana ya asilimia 30 ya thamani ya mauzo ya haraka (itakayoelezwa mbele) au ya kiasi kinachodaiwa.

Kwa mwekezaji, orodha hii ya siku ni chombo cha kazi. Kesi nyingi za minada hazibishani kama deni lipo. Mdaiwa hukubali kwamba alikopa, akasema hakupewa notisi, au notisi ilikwenda kwenye sanduku la posta alilolihama, au siku hazikutimia. Mnunuzi makini humwomba dalali na benki nakala za notisi zote, pamoja na ushahidi kwamba zilifika. Benki iliyofuata ngazi zote huwa na faili lililonyooka na haioni taabu kulifungua. Inapoanza kusema faili liko makao makuu, au liko kwa wakili, mnunuzi ameshapata jibu lake.

Ni kweli sheria inamkinga mnunuzi. Kifungu cha 99 cha sheria ya Kenya, na kifungu cha 135 cha sheria ya Tanzania, vinasema kwa ujumla kwamba anayenunua kwa nia njema kutoka kwa mwenye rehani halazimiki kuchunguza kama notisi zilitolewa sawasawa, na kwamba aliyeumizwa na mauzo yasiyofuata utaratibu adai fidia kwa mkopeshaji. Kinga hiyo ina mipaka. Haimfuniki aliyejua kuna udanganyifu, wala aliyepaswa kujua. Tena kinga hufanya kazi mahakamani, maana yake ni kwamba mnunuzi atakuwa ameshaingia mahakamani kabla ya kufaidika nayo.

Thamani mbili za nyumba moja

Kabla ya mnada, benki humtuma mthamini. Ripoti yake huwa na namba mbili. Ya kwanza ni thamani ya soko: fedha ambazo muuzaji asiye na haraka angepata kwa mnunuzi asiye na haraka. Ya pili ni thamani ya mauzo ya haraka, ambayo mara nyingi huwa kama robo tatu ya ile ya kwanza. Nchini Kenya uthamini huo uwe umefanywa ndani ya miezi 12 kabla ya mnada, na ndio msingi wa bei ya chini ambayo dalali hawezi kuishusha.

Robo tatu hiyo ina sababu. Sheria ya Kenya na ya Tanzania zote mbili zinamtaka mkopeshaji atafute bei bora inayoweza kupatikana, na zinaitaja asilimia 25 kama mpaka wa hatari. Mali ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya soko kwa robo au zaidi, mahakama inaanza kwa kudhani kwamba mkopeshaji amekiuka wajibu wake, na ni juu yake kuthibitisha vinginevyo. Kwa hiyo mtu anayejisifu kununua nyumba mnadani kwa nusu ya thamani amenunua pia hoja ya wakili wa mwenye nyumba. Mwekezaji mwenye uzoefu hufurahia punguzo la asilimia 15 au 20 lisilo na doa kuliko la asilimia 45 litakalomrudisha mahakamani.

Wajibu huo una historia katika sheria ya Uingereza, iliyoathiri sheria zetu. Mwaka 1971 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi ya Cuckmere Brick dhidi ya Mutual Finance. Kiwanja kilichowekwa rehani kilikuwa na kibali cha kujenga nyumba 35 na kibali kingine cha kujenga flati 100. Matangazo ya mnada yalitaja nyumba, yakasahau flati. Kiwanja kikauzwa kwa pauni 44,000, na wenye mali wakadai kwamba kingetangazwa vizuri kingefika pauni 75,000. Mahakama ikasema mkopeshaji ana wajibu wa kuchukua tahadhari ya kutosha ili apate bei halisi ya soko.

Wanasheria huinukuu kesi hiyo kwa ajili ya wajibu wa benki. Mwekezaji anaweza kuisoma kwa jicho jingine: tangazo la mnada huandikwa na mtu mwenye haraka, kutoka kwenye faili la zamani. Tangazo linalosema nyumba ya vyumba vitatu huenda linatokana na uthamini uliofanywa kabla mwenye nyumba hajajenga vyumba vya wapangaji nyuma. Na huenda kinyume chake, kisima kinachotajwa kikawa kimekauka. Kwenda kuiona mali kwa macho, kuzungumza na majirani, kupita katika ofisi ya mipango miji ya kaunti au ya manispaa, kunaweza kufichua thamani au hasara ambayo tangazo halikuitaja.

Masjala, mke na mizizi ya hati

Kazi yenye manufaa kuliko zote hufanyika katika masjala ya ardhi. Upekuzi rasmi wa hati huonyesha jina la mwenye mali, rehani zilizoandikishwa, na zuio lolote lililowekwa juu yake. Nairobi ilianza kuhamishia huduma hiyo kwenye mfumo wa Ardhisasa, uliozinduliwa Aprili 2021. Upekuzi unapaswa kufanywa mara mbili: unapoona tangazo, na tena kama siku moja kabla ya mnada, kwa kuwa zuio la mahakama linaweza kuandikishwa katikati.

Baada ya jina la mwenye mali linakuja swali la ndoa. Nchini Kenya, rehani juu ya nyumba ya familia haina nguvu bila saini au ridhaa ya mwenzi. Tanzania inasema hivyohivyo kupitia Sheria ya Ardhi na kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Mke ambaye hakuambiwa kwamba nyumba imewekwa dhamana anaweza kufika mahakamani siku mbili kabla ya mnada na kuusimamisha, na mara nyingi ana haki. Ridhaa hiyo isipoonekana katika nyaraka za benki, ni hatari kubwa kuliko ukuta wenye ufa, kwa sababu inagusa uhai wa rehani yenyewe, na kinga ya mnunuzi imejengwa juu ya rehani iliyo hai.

Halafu kuna mizizi ya hati. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Mali ilikuwa kiwanja cha ufukweni Nyali, ambacho awali kilitolewa kwa Rais Daniel arap Moi mwaka 1989, kisha kikapita kwa wanunuzi wengine hadi kwa kampuni hiyo. Mwaka 2017 kaunti ilivunja ukuta ili kufungua njia ya umma kwenda baharini. Kampuni ilisema imenunua kwa nia njema na kulipa fedha halali. Mahakama ikajibu kwamba ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, na hati iliyozaliwa hapo haiwezi kulindwa, hata mikononi mwa mnunuzi asiye na hatia.

Uamuzi huo haukuhusu mnada, lakini unamhusu kila anayenunua mnadani. Benki kukubali hati kama dhamana miaka kumi iliyopita si ushahidi kwamba hati hiyo ni safi. Mnunuzi anahitaji kujua ardhi ilitoka kwa nani, ilitolewa vipi, na kama ramani inaigusa barabara, mto, shule au ufukwe. Mpimaji ardhi aliyesajiliwa anaweza kuhakiki mipaka kwa ada ambayo ni sehemu ndogo sana ya bei ya nyumba.

Kwa walio ughaibuni kuna swali la ziada. Katiba ya Kenya inamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa mkataba wa ukodishaji usiozidi miaka 99 tu, na ardhi ya kilimo ina vizuizi vyake na bodi yake ya kudhibiti. Tanzania, ambako ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, asiye raia anaruhusiwa kupewa ardhi kwa ajili ya uwekezaji uliosajiliwa. Mtu aliyechukua uraia wa nchi nyingine ahakikishe hadhi yake kabla ya kutuma fedha kwa ndugu anayemnyooshea mkono mnadani.

Siku yenyewe

Mnada wa benki nchini Kenya huanza na karatasi. Anayetaka kutoa bei huonyesha kitambulisho na hundi ya benki au malipo ya amana, kisha hupewa namba. Dalali, ambaye lazima awe na leseni ya bodi ya madalali, husoma masharti. Sharti linalojulikana zaidi ni la asilimia 25: nyundo ikigonga, mshindi hulipa papo hapo robo ya bei, na iliyobaki ndani ya siku 90. Akishindwa, amana hupotea na mali hurudi mnadani.

Sharti hilo limewaumiza watu wengi waliokwenda na amana wakitarajia benki nyingine iwakopeshe iliyobaki. Siku 90 ni chache kwa mkopo wa nyumba. Mthamini wa benki mpya lazima aruhusiwe kuingia ndani, na mwenye nyumba aliyenyang'anywa hana sababu ya kumfungulia. Anayenunua kwa mkopo apate kwanza barua ya benki yake inayotaja mali hiyohiyo na kiasi hichohicho.

Ukumbini pia kuna watu wasiokuja kushindana kwa haki. Mfano uliothibitishwa mahakamani unatoka California. Baada ya msukosuko wa mwaka 2008, nyumba nyingi ziliuzwa kwa minada iliyofanyika kwenye ngazi za mahakama za San Francisco, San Mateo, Contra Costa na Alameda. Wawekezaji fulani walikubaliana mmoja wao anunue bila ushindani, kisha wakafanya mnada wao wa siri na kugawana tofauti. Idara ya Sheria ya Marekani iliwashtaki makumi yao, na wengi wakakiri makosa au kutiwa hatiani. Fedha walizogawana zilikuwa za benki na za wenye nyumba. Anayealikwa kwenye makubaliano ya namna hiyo, Mombasa au Dar es Salaam, anaalikwa kwenye kosa la jinai.

Silaha ya mnunuzi wa kawaida ni namba moja iliyoandikwa nyumbani: bei ya juu kabisa ambayo hatapita. Dalali mzuri anajua kuongeza moto, na mtu aliyechunguza mali kwa wiki tatu huanza kuiona kama yake. Namba hiyo hutokana na hesabu ifuatayo.

Gharama ya aliyemo ndani

Tuchukue mfano wa kubuni wa nyumba ya Syokimau yenye thamani ya soko ya shilingi milioni 12 za Kenya, iliyonunuliwa mnadani kwa milioni 9.2. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, na mthamini wa serikali anaweza kuukokotoa kwa thamani ya soko badala ya bei ya mnada: shilingi 480,000. Wakili na usajili, 200,000. Kodi ya ardhi, ada za kaunti na malimbikizo ya huduma za mtaa, ambayo masharti mengi ya mnada humtwika mnunuzi, 350,000. Rangi, mabomba na milango, 600,000. Jumla ni shilingi milioni 10.83. Imebaki faida ya takriban milioni 1.17 kwenye karatasi, si haba.

Sasa mwenye nyumba agome kutoka kwa mwaka mmoja. Wakili wa kesi ya kumwondoa, 400,000. Uharibifu wa ziada, 300,000. Ikiwa fedha zote za ununuzi ni za mkopo wa asilimia 16, riba ya mwaka ni shilingi 1,472,000. Jumla inafika zaidi kidogo ya milioni 13. Nyumba ileile, iliyonunuliwa kwa bei ileile, imekuwa ghali kuliko ya jirani inayouzwa kwa hiari.

Tofauti yote imetokana na mtu mmoja kukaa ndani. Kwa hiyo swali la nani anaishi humo ni swali la fedha kabla halijawa la huruma, na mwekezaji analiuliza kabla ya mnada. Je, ni familia ya mdaiwa? Ni mpangaji mwenye mkataba? Nchini Kenya mpangaji wa duka au mgahawa analindwa na sheria maalumu na hawezi kuondolewa kwa barua ya mnunuzi. Je, ni ndugu wanaodai kwamba shamba ni la ukoo na aliyekopa hakuwa na mamlaka? Kila jibu lina muda wake na bei yake, na ziingizwe kwenye ile namba ya juu.

Marekani, nchi iliyopitia wimbi kubwa la nyumba za rehani kuliko nyingi katika karne hii, ilijifunza somo hili kwa sheria. Mwaka 2009 Bunge lake lilipitisha ulinzi kwa wapangaji wa nyumba zinazouzwa kwa deni: mnunuzi awape walau siku 90, na mara nyingi aheshimu mkataba wao hadi uishe. Sheria hiyo iliisha muda mwishoni mwa mwaka 2014, ikarudishwa kwa kudumu mwaka 2018. Wawekezaji wakubwa hawakuhesabu ulinzi huo kuwa kikwazo, kwa kuwa mpangaji anayelipa kodi ni pato. Kampuni ya Blackstone ilianza kununua nyumba za familia mwaka 2012, ikianzia Phoenix, mji ambao bei zake zilikuwa zimeanguka kwa zaidi ya nusu. Kufikia mwaka 2016 ilikuwa na nyumba zipatazo 50,000, ikazipangisha, na mwanzoni mwa mwaka 2017 ikaiingiza kampuni yake ya Invitation Homes kwenye soko la hisa. Faida yake haikutoka kwenye bei ya kuanzia peke yake. Ilitoka kwenye fedha taslimu wakati mabenki yameacha kukopesha, mafundi walio tayari, na mfumo wa kuikarabati nyumba haraka na kuiwekea mpangaji. Mambo hayo matatu mwekezaji mdogo wa Mbezi au Ruiru anaweza kuyapanga kwa kiwango chake.

Fedha inayobaki, na mauzo bila nyundo

Kuna upande wa biashara hii ambao vitabu vya utajiri huupita haraka: haki ya aliyepoteza nyumba. Sheria ya Kenya inapanga jinsi fedha za mauzo zinavyogawanywa, na baada ya kodi, gharama na madeni, kilichobaki ni cha mwenye nyumba. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisisitiza msingi huohuo katika kesi ya Tyler dhidi ya Kaunti ya Hennepin. Ajuza wa miaka 94 alikuwa na flati Minneapolis, na kodi ya mali aliyokosa kulipa, pamoja na adhabu na riba, ilikuwa imefika dola 15,000. Kaunti iliiuza flati kwa dola 40,000 ikabaki na fedha zote. Majaji wote tisa wakaamua kwamba kuchukua ile ziada ya dola 25,000 kulikuwa kumnyang'anya mali bila fidia.

Ziada hiyo inamhusu mnunuzi pia. Mwenye nyumba anayejua kwamba atatoka na kitu mkononi ana sababu ya kushirikiana. Anayeamini kwamba kila kitu kimekwenda hana la kupoteza kwa kupigana. Bei nzuri mnadani huongeza uwezekano wa ziada, na kwa njia hiyo hupunguza kesi.

Kutokana na hilo, ununuzi bora wa mali yenye deni mara nyingi haufiki mnadani. Sheria ya Kenya inaruhusu mali ya rehani iuzwe kwa makubaliano ya faragha, na mabenki mengi hupendelea njia hiyo kwa kuwa mnada ni gharama na kesi ni gharama zaidi. Katika miezi ile ya notisi, mwenye nyumba bado ana haki ya kukomboa, na bado anaweza kuuza mwenyewe kwa ridhaa ya benki. Mwekezaji anayemfikia kwa heshima wakati huo, akiwa na fedha zilizothibitishwa, anaweza kukaa naye pamoja na ofisa wa benki na mawakili meza moja.

Makubaliano hayo huandikwa kwa hatua. Benki hutaja kwa maandishi kiasi cha kulifunga deni hadi tarehe fulani, na mara nyingine hukubali kusamehe sehemu ya adhabu. Mwenzi wa mwenye nyumba hutia saini ya ridhaa mbele ya wakili wake mwenyewe. Fedha za deni huenda benki moja kwa moja, kwa ahadi ya kitaaluma ya wakili, nayo benki hutoa hati ya kufuta rehani pamoja na hati miliki. Sehemu ya ziada ya mwenye nyumba hushikiliwa na mawakili hadi siku ya kuhama, kisha hulipwa ufunguo unapokabidhiwa, na mara nyingi huongezewa fedha ya kusafirisha vyombo na kodi ya miezi michache ya nyumba ya kupanga. Punguzo hapa ni dogo kuliko la mnadani, pengine asilimia 10 hadi 15 chini ya soko. Lakini kwa ile nyumba ya Syokimau, kuinunua kwa milioni 10.2 mikononi mwa mwenyewe, ikiwa tupu, malimbikizo yamelipwa kutoka kwenye bei na ukarabati ukiwa uleule, kunaifanya gharama yote iwe milioni 11.48. Bado iko chini ya thamani ya soko kwa zaidi ya nusu milioni, na mpangaji anaweza kuingia mwezi unaofuata.